Zahanati ya chuo ipo, nesi yupo, dawa zipo, ila wanafunzi tunakimbilia duka la dawa. Wakuu tufanyeje? (Mtwara)

Mwali_wa_Chikongola (mleta uzi)

Salaam wakuu, na wakubwa zangu wote humu shikamooni.

Naomba mnisome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo ila jambo hili limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita. Mi nasoma chuo kimoja hapa Mtwara mjini, jina naliacha makusudi kwa sababu sitaki mtu apate shida kazini kwake, ninachotaka huduma iwe nzuri basi. Nipo mwaka wa tatu, nakaa hosteli.

Mwenzangu wa chumbani alianza kuumwa Jumatatu. Mkojo unamchoma, kila baada ya muda mfupi yuko chooni na anatoa matone tu. Nikamwambia twende zahanati ya chuo, iko hapo nyuma ya bwalo, hata kandambili huhitaji kubadilisha. Akakataa katakata. Nikadhani anaogopa sindano, nikamsema sana, mpaka akalia ndo akaniambia. Mwaka wa kwanza alishakwenda pale na tatizo hilo hilo, akafika dirishani, wa mapokezi akamuuliza una shida gani, na nyuma yake kuna foleni ya watu kumi na kitu wengine wa darasani kwake. Akajibu kwa sauti ya chini. Akaambiwa ongea sikusikii. Akarudia, na yule wa mapokezi naye akarudia kwa sauti huku anaandika kwenye daftari. Jioni yake wavulana wa darasani wanamuulizia hali huku wanacheka. Tangu siku ile hajakanyaga pale, na hakuwahi kumwambia mtu.

Basi akaenda duka la dawa, akauziwa antibayotiki za kukata, vidonge sita, maana hela iliyokuwepo ndo hiyo. Jumatano akasema naona nafuu. Ijumaa usiku homa ikapanda, anatetemeka kajifunika mashuka mawili na joto hili la kwetu mnalijua, anatapika, ubavuni kwa nyuma upande wa kulia hata kumgusa hataki. Saa nane usiku tunagonga mlango wa mlezi wa hosteli, tunahangaika na bajaji, tukamfikisha hospitali, akalazwa siku nne. Daktari akatueleza maambukizi yametoka kwenye kibofu yamepanda hadi kwenye figo. Yaani kitu ambacho Jumatatu kingeisha kwa dawa ya siku chache, kikageuka dripu na sindano, na test mbili akazikosa.

Sasa nilipokuwa nakaa naye wodini nikawa nawaza, mbona zahanati ina kila kitu? Kipimo cha mkojo kipo. Dawa ile aliyohitaji ipo, nimeiuliza baadaye nikaambiwa haijawahi kuisha mwaka mzima. Nesi ni mama mzuri tu anajua kazi. Tena tumelipa bima. Kilichomkosesha mwenzangu matibabu ni lile dirisha. Ni swali moja lililoulizwa mahali pasipo pake.

Nikaanza kwenda pale asubuhi, nakaa kwenye benchi naangalia. Niliyoyaona:

Dirisha la mapokezi liko usawa wa benchi, hivyo aliyekaa wa kwanza anasikia kila kitu. Hapo hapo dirishani ndo pa kuhakiki kadi ya bima, mtandao ukisumbua foleni yote inasimama hata aliyekuja kubadilisha bandeji tu anamsubiri wa kadi. Siku moja nilifika saa mbili na nusu, yule aliyekuwa mbele yangu ameonwa saa tano. Afu zahanati inafunguliwa saa mbili inafungwa saa tisa na nusu, saa zile zile za vipindi. Ukitaka kutibiwa ukose kipindi, ukikosa kipindi unahitaji ED (karatasi ya kuruhusiwa kutohudhuria kwa ugonjwa), ukifuata ED unaongeza foleni.

Na kingine ambacho watu wanakiona hakihusiani na zahanati: vyoo vya hosteli ya wasichana. Maji yakikatika tunapunguza kunywa maji ili tusiende chooni, wengine wanabana kutoka asubuhi mpaka usiku. Halafu tunashangaa kwa nini UTI haziishi ghorofa ile. Nesi mwenyewe aliniambia anatibu watu wale wale kila mwezi.

Nimechaguliwa juzi juzi kuwa mwakilishi wa afya kwenye serikali ya wanafunzi. Wiki mbili zijazo nina kikao na uongozi. Naomba mawazo ya kweli, hasa waliowahi kufanya kazi kwenye zahanati za vyuo au shule. Sitaki kwenda pale nikasema "huduma mbovu" tu nikarudi.

---

Korosho_Ghafi

Pole sana kwa mwenzako mkuu, na hongera kwa kukaa benchi ukaangalia, wengi tunalalamika tukiwa kitandani.

Mi nimemaliza miaka mitatu iliyopita huku huku kusini. Kilichokuwa kinaniuma ni ile 50,400 ya bima. Unalipa mwanzo wa mwaka, kadi inachelewa, ukiugua unaambiwa lipa taslimu au subiri. Rafiki yangu aliugua malaria kadi bado haijatoka, akalipa mfukoni hela ya kula ya wiki. Kwenye kikao uliza kadi za mwaka wa kwanza zinachukua muda gani, na asiyepata kadi anatibiwaje katikati hapo. Uliza hilo kabla ya yote.

---

Bi_Nesi_wa_Zamani

Marahaba mwanangu.

Mimi nimestaafu, nilifanya kazi zahanati ya chuo mkoa wa Lindi miaka mingi, kabla ya hapo nilikuwa wodini. Nimesoma ulichoandika nikakumbuka dirisha langu mwenyewe, kwa hiyo nitasema kwa moyo wote.

Kwanza elewa upande wa pili wa dirisha. Asubuhi niko peke yangu. Mimi ndo mapokezi, mimi ndo nachoma sindano, mimi ndo natoa dawa, tabibu yuko chumbani kwake. Kila mgonjwa lazima niandike kwenye kitabu cha MTUHA, kile namba tano cha wagonjwa wa nje, jina, umri, anapotoka, na ripoti ya mwezi inatoka humo humo. Halafu kuna fomu za bima, ukikosea sehemu moja fomu inarudi na chuo hakilipwi, na asiyelipwa hanunui dawa. Sasa nikiwa na kichwa hicho akija binti ananong'ona, nasema ongea mama sikusikii. Sikusema kwa ubaya hata siku moja. Lakini leo nikisoma habari ya mwenzako najiuliza ni wangapi niliwafukuza bila kujua, na inaniuma.

Tulibadilisha hivi. Alikuja mganga mfawidhi mpya akasema swali la "una shida gani" ni marufuku dirishani. Dirishani unaulizwa jina, namba ya usajili na kadi, unapewa namba ya kuitwa, basi. Shida unamwambia tabibu ndani na mlango umefungwa. Ile sehemu ya kitabu inayohitaji ugonjwa tulikuwa tunajaza baadaye kutoka kwenye karatasi ya tabibu. Haikugharimu hata shilingi. Nilibisha sana mwanzoni nikasema itachelewesha, kumbe ikawa haraka zaidi maana hakuna mtu anayesimama dirishani anaeleza hadithi ya tumbo lake tangu Jumapili.

Ila kuna jambo moja usilisahau: mgonjwa wa dharura. Ukiacha kuuliza shida dirishani, anayebanwa na pumu anaweza kukaa kwenye benchi akisubiri namba yake. Sisi tulikuwa tunatoka kila baada ya muda tunapita kwenye benchi tunawaangalia watu usoni. Anayehema kwa shida, anayetetemeka, aliyelegea, mwenye maumivu makali, anayetapika mfululizo, huyo anaingia kwanza na hakuna wa kulalamika. Hiyo iandikeni ukutani kwa maandishi makubwa ili wengine wasidhani ni upendeleo.

Tulikuwa pia na mafunzo ya 5S, ya kupanga mahali pa kazi, sijui kama bado wanayasisitiza, tuliyaita kwa Kiswahili Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wajapani ndo walituletea utaratibu huo. Watu wanadhani ni usafi tu. Siku tuliyosasambua stoo tulikuta fomu za miaka ya nyuma zimejaza kabati zima ambalo tungeweza kuweka dawa, na dawa zinazokaribia kuisha muda ziko nyuma ya zile mpya. Tukazipanga za kuisha mapema mbele. Lakini hiyo S ya mwisho, shikilia, ndo ngumu. Ukiondoka wewe mwaka huu nani atashikilia?

---

Mkuu_wa_Mkanaledi

Na mimi niseme ukweli ambao wanafunzi hawataupenda. Nusu ya ile foleni hawaumwi. Wanataka ED ili wasifanye test. Nilikuwa CR (mwakilishi wa darasa) miaka miwili najua, siku ya test zahanati inajaa, siku ya mechi hakuna mgonjwa. Mgonjwa wa kweli anakosa huduma kwa sababu ya hao.

Na lingine, mbona kila ukienda na homa unarudi na malaria, taifodi na UTI zote tatu kwa pamoja? Watu hawaendi zahanati kwa sababu hawaamini majibu, tusiliweke lote kwenye dirisha.

---

Tabibu_Msafiri

Mkuu wa Mkanaledi umegusa penyewe, ngoja nijibu kama mtu wa kada hii.

Huku kusini malaria ipo na ni nyingi, hilo halina ubishi, kwa hiyo mwenye homa kupimwa malaria ni sahihi kabisa. Shida inakuja baada ya kipimo. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria hata wiki kadhaa baada ya kutibiwa na kupona, kwa sababu kinasoma protini ya mdudu ambayo inabaki kwenye damu. Sasa mwanafunzi katumia dawa mseto wiki mbili zilizopita, anarudi na mafua, anapimwa, mistari miwili, anapewa dawa tena. Tabibu akiuliza "mara ya mwisho umetumia dawa ya malaria lini?" ataomba hadubini badala ya kutegemea kile kipimo. Ni swali moja, ila kwenye foleni ya watu arobaini linasahaulika.

Taifodi ndo balaa zaidi. Kile kipimo cha Widal wanachokitegemea watu kinaweza kuonyesha ndiyo kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye maambukizi mengine kabisa. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu, na zahanati haiwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa una taifodi kila baada ya miezi miwili, uliza.

Na dawa mseto jamani. Dozi ni mara sita kwa siku tatu, ya pili inafuata baada ya masaa nane, zinazobaki asubuhi na jioni, na inywe ukiwa umekula hasa kitu chenye mafuta kidogo ndo inafyonzwa vizuri. Wanafunzi wanameza na chai ya rangi, siku ya pili homa imeshuka wanaacha, zinazobaki wanamgawia mwenzao. Ukimpa mtu dawa dirishani kwa kumtupia "asubuhi na jioni" hujamtibu. Dakika mbili za kumwambia arudie mwenyewe atakavyotumia ni sehemu ya matibabu.

Kuhusu ED, ushauri wangu: kaeni na uongozi mtenganishe. Anayefuata ED ya ugonjwa uliotibiwa jana aipate mchana kwa karani akithibitisha kwenye kitabu, asikae foleni moja na mwenye homa ya leo.

---

Kijana_wa_Mikindani

Mnaongelea wasichana tu, hata sisi wanaume dirisha linatuua. Mimi niliwahi kupata shida ya sehemu za siri, usaha unatoka, nikasema sitakwenda pale. Nikaenda kwa muuza dawa nikachomwa sindano moja, sikuambiwa kama mwenzangu naye atibiwe, nikapona nikaambukizwa tena na mtu yule yule. Hakuna aliyekuwa ananieleza.

Na usiku wa Ijumaa na Jumamosi ndo mambo yanatokea, zahanati imefungwa mpaka Jumatatu. Dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio inatakiwa ianzwe ndani ya masaa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi masaa yanakuwa yameyoyoma. Wangapi wanajua kwamba hospitali wanaipata muda wote? Wasichana wanajua P2 tu, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, na P2 haizuii VVU wala kaswende. Mwali naomba hilo lisikosekane, watu waandikiwe mlangoni wakikuta pamefungwa waende wapi.

---

Dada_Selimundu

Naandika kwa mara ya kwanza humu nilikuwa msomaji tu.

Mimi nina selimundu (sickle cell). Nilipojiunga chuo hakuna fomu iliyoniuliza. Iliniuliza dini, kabila na namba ya mzazi, haikuniuliza nina ugonjwa gani wa kudumu. Nikapangiwa ghorofa ya tatu, maji nabeba kwa ndoo. Kwa mtu wa hali yangu kukosa maji mwilini, kuchoka sana na malaria ni vitu vinavyoweza kuniangusha siku hiyo hiyo. Nilipata maumivu makali mwezi wa pili tu, wenzangu wakadhani nimerogwa, mmoja akaanza kunisomea dua wakati nilichohitaji ni maji, dawa ya maumivu na gari. Siwalaumu, hawakujua.

Ningeomba zahanati iwe na daftari la wenye magonjwa ya kudumu, la hiari na la siri, sisi wa selimundu, wenye pumu, kifafa, kisukari, wanaotumia ARV wanaotaka. Tupangiwe vyumba vya chini. Tuwe na siku yetu ya kuonwa bila kungoja tuugue. Dawa zangu za kila siku nazifuata hospitali ya rufaa, nauli ya bajaji kwenda na kurudi, wakati folik asidi zahanati wanayo kabatini.

---

Mwali_wa_Chikongola (mleta uzi)

Nimesoma zote nimepiga magoti. Bi Nesi shikamoo tena mama, hilo la dirishani nimelinakili kama lilivyo. Dada Selimundu nakuja inbox, nataka uniambie hiyo fomu iandikweje wewe mwenyewe.

Kijana wa Mikindani umenifungua macho, nilikuwa sijawaza wavulana kabisa.

---

Mwana_Tandahimba

Mimi naongezea la kichwani, maana hamjaligusa.

Wazazi wetu wengi huku ni wa korosho. Mnada unaanza Oktoba, hela zinapitia chama cha msingi zinaingia benki, mara zimechelewa, mara bei imeshuka. Chuo nacho kinafungua wakati huo huo kinadai ada. Mwaka juzi mzee alikuwa na korosho ghalani, stakabadhi anayo mkononi, hela bado. Mimi natakiwa nisajiliwe, sina ada, na boom (hela ya mkopo wa kujikimu) sikupata. Nikawa silali. Nikawa nakula mara moja kwa siku, nikasema nabana matumizi, kumbe hata hamu ya kula sina. Kichwa kinauma kila siku. Nilikwenda zahanati mara tatu kwa ajili ya kichwa nikapimwa malaria mara tatu, hakuna, nikapewa panadol mara tatu. Hakuna aliyeniuliza kuna nini nyumbani.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja wa somo, aliona sina daftari nimekaa tu naangalia ukuta, akaniita ofisini kwake akanipa maji ya kunywa akaniuliza umekula? Nililia pale saa nzima mwanaume mzima. Siku ile nilikuwa nimeshaamua jambo baya. Sitaki kuliandika.

Mwali, mtu anayerudi zahanati mara tatu na tatizo lile lile na vipimo havina kitu, aulizwe usingizi, chakula, ada, nyumbani. Tafadhali.

---

Tabibu_Msafiri

Mwana Tandahimba pole sana ndugu yangu, na asante kwa kuandika. Nashukuru upo.

Kwa wengine: kuna dodoso la maswali tisa, PHQ-9, limeshatafsiriwa kwa Kiswahili, linauliza wiki mbili zilizopita umekosaje usingizi, hamu ya kula, furaha, na swali la tisa linauliza mawazo ya kujidhuru. Dakika tano. Akifikisha pointi kumi na kuendelea anahitaji kukaa na mtu mwenye ujuzi, na akijibu ndiyo kwenye lile la tisa haachwi arudi hosteli peke yake siku hiyo hata kama pointi ni chache. Zahanati haihitaji daktari bingwa wa akili kufanya hilo. Inahitaji chumba chenye mlango, na kujua nani wa kumpigia simu hospitali ya rufaa ya mkoa, kule wana kitengo cha afya ya akili na maafisa ustawi wa jamii. Msimjaribie dodoso mtu kama hamjapanga atakwenda wapi baada ya majibu.

---

Mama_Wawili_Newala

Wanangu nawasoma hapa machozi yananitoka. Mimi ni mzazi, nina mtoto chuo hapo Mtwara mwaka wa pili. Sisi wazazi tukipigiwa simu tunauliza matokeo na ada tu. Nimempigia sasa hivi nimemuuliza unalala vizuri? Akashangaa. Akasema mama kuna nini.

Mwali mwanangu, wazazi tuna nguvu kuliko unavyodhani. Habari ya vyoo na maji ipelekeni na kwa wazazi, hilo la mabinti kubana mkojo siku nzima sikulijua na sidhani kama kuna mzazi analijua.

---

Mwali_wa_Chikongola (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, kikao kimefanyika juzi. Naelezea kama kilivyokuwa, mazuri na mabaya.

Kwanza sikwenda peke yangu, nilikwenda na nesi wetu. Kabla ya kikao nilimfuata nikamsomea huu uzi, hasa alichoandika Bi Nesi. Alikaa kimya muda mrefu, afu akaniuliza huyo binti wa figo ni nani. Sikumtajia. Akasema "mwambie nimeomba radhi, aje." Ndo akakubali kwenda nami, na kule ndani yeye ndo aliongea kuliko mimi, akawaeleza kwamba anafanya kazi za watu watatu.

Waliyokubali hapo hapo: swali la shida limeondoka dirishani kuanzia Jumatatu hii. Benchi limesogezwa hadi chini ya mwembe, namba zinaitwa. Karani mmoja wa ofisi ya usajili atakuja kuhakiki kadi za bima asubuhi mpaka saa nne ili nesi asishike kompyuta. Jumanne na Alhamisi zahanati itafunguliwa hadi saa kumi na mbili jioni, na siku hizo itachelewa kufunguliwa asubuhi kwa sababu mtu wa kuongeza hayupo. Nilitaka siku zote tano, wamekataa, nimekubali.

Mlangoni kumebandikwa karatasi ya pakifungwa uende wapi, imeandikwa na ile ya masaa 72. Kuna mkubwa mmoja alisema hiyo inahamasisha wanafunzi kufanya ngono. Nesi akamjibu kwamba hata kubakwa kunatokea, na aliyebakwa naye anasoma mlango huo huo. Pakawa kimya. Imebandikwa.

Fomu ya magonjwa ya kudumu Dada Selimundu ameiandika yeye, itaanza na wanaojiunga mwaka huu, waliopo wataijaza kwa hiari kwa tabibu moja kwa moja. Yeye amehamishiwa chumba cha chini tayari, hilo lilifanyika siku ile ile.

Mabaya sasa. Vyoo bado. Wamesema pampu iko kwenye bajeti, jibu ambalo nimeambiwa lilitolewa na mwaka jana. Tumeomba angalau tangi la akiba la ghorofa ya wasichana na ndoo zenye mfuniko, hilo wanalifikiria. Mama wa Newala, wazazi watatu wameshaandika barua, endeleeni. ED wamesema ni suala la kitaaluma litapelekwa kwenye kikao kingine. Na la kichwani nimeona tusikimbilie, nesi na tabibu wanataka kwanza kwenda hospitali ya mkoa wapate mtu wa kumpigia simu kwa jina, kama Tabibu Msafiri alivyosema, ndo waanze maswali tisa. Mwana Tandahimba nilisoma ulichoandika mbele ya kikao bila kusema ni nani. Mkuu wa chuo alikiomba kile kipande akakiweka kwenye faili lake.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Chumba cha tabibu kina mlango ila dirisha lake linaangalia njia ya kwenda bwaloni, mtu akipita anaona nani amelala kitandani anapimwa. Hela ya pazia hawana mpaka robo ijayo. Tumechangishana hosteli tumepata ya kutosha.

---

Bi_Nesi_wa_Zamani

Mwanangu Mungu akubariki. Pazia nunueni kitambaa kizito, kile chepesi cheupe taa ikiwashwa ndani mtu anaonekana kivuli chake chote. Na shoneni mawili, moja likiwa linafuliwa jingine linaning'inia, la sivyo siku ya kufua mtakuwa hamna kitu. Vitenge viwili vilivyounganishwa vinafaa, visivyochuja. Urefu yapite chini ya dirisha shubiri moja, upepo wa bahari hapo Mtwara unayapeperusha, wekeni na kitu kizito kwenye pindo.

---

Mwali_wa_Chikongola (mleta uzi)

Asante mama, nilikuwa nimeshakishika mkononi kile cheupe dukani, nimekirudisha. Mwenzangu wa chumbani ndo anashona, alijifunza cherehani kwao Masasi. Amesema atayapeleka mwenyewe Jumanne jioni, na akiwa pale atapima mkojo wa kuhakikisha, maana hospitali walimwambia arudie.